Nani kafa?

Jana mwanangu karudi na homuweki, swali la nne: mzazi wako anafanya kazi gani. Nikamwambia andika mwimbaji, sauti ya kwanza, muziki wa klasiki. Akanitazama weee, afu akauliza, "Mama, si ndo ile ya kulia?" Baba yake kacheka mpaka chai ikampalia. Mi nikanyamaza, maana hilo swali nilishaulizwa zamani, Mikindani, tena na watu wazima na akili zao.

Ilikuwa Desemba 2009. Nina miaka 22 na nimepata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, kuimba kwenye harusi kanisani Mtwara mjini, laki moja, nusu kabla nusu baada. Bwana harusi kasoma nje, anataka Mozart, yule mtunzi wa kizungu wa zamani. Basi nikachagua ile Aleluya ya mwisho kwenye wimbo wake wa Kilatini, Exsultate, jubilate, ambayo ni neno moja tu hilohilo linazungushwa, linapandishwa, linakatwakatwa vipande mpaka ulimi unachoka. Mozart aliiandika Milan mwaka 1773 hajatimiza hata miaka 17, na aliyemwandikia ni mwanaume, mwimbaji aliyehasiwa utotoni ili sauti isije kuwa nzito. Hicho kipande bibi sikumwambia.

Nilifikia Mikindani kwa bibi mzaa mama (ukoo wetu nusu kanisani nusu msikitini, Kusini kawaida tu). Alasiri jua linachoma, bibi kalala ndani, kashinda asubuhi nzima anabangua korosho, vidole vyeusi tii kwa yale mafuta ya maganda. Nikasema hapahapa. Nikaenda uani chini ya mwembe nikaanza kupasha sauti.

Sasa kuna zoezi tunaliita king'ora. Unaanza chini kabisa na "uuu", unapanda kwa kuteleza bila kukanyaga ngazi hata moja, mpaka juu kichwani, afu unashuka hivyohivyo taratibu, pumzi imeshikwa na tumbo. Mwalimu wangu Dar alikuwa ananipigisha mara kumi kila siku na kweli koo linalegea. Ila ukilisikia nyuma ya ukuta na anayelifanya humwoni, huyo ni mwanamke kafiwa. Mi najuaje sasa, nimefumba macho, niko raundi ya sita au ya saba huko, najisikia vizuri kweli.

Kufumbua macho, ua umejaa. Kina mama kama wanane, kanga zimekazwa viunoni. Mmoja mikono yote nazi, katoka kwenye mbuzi hajanawa, machicha yanamdondoka miguuni. Mwingine kakumbatia mkeka. Wawili walishaanza kulia, mmoja anasema innalillahi bibi wa watu jana tu kanipa chumvi. Hapo ndo mlango wa nyumba ukafunguka, bibi katoka, kanga ya kulalia, nywele zimelalia upande mmoja, akawaangalia wote akauliza,

"Nani kafa?"

Kimya. Yule wa nazi akajibu taratibu, "Wewe."

Bibi akajipapasa kifuani, sijui alikuwa anahakikisha. Halafu kicheko, yani watu walicheka mpaka wakashikilia ukuta, mi natamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba radhi, shikamooni, samahanini, ni mazoezi, ni muziki wa kizungu. Mmoja akauliza sasa mwanangu, hapo ulikuwa unaimba au unalia?

Lakini yule wa mkeka hakucheka. Ni wa nyumba ya tatu, simjui vizuri. Alikuwa bado analia, wenzie wakamwambia shoga basi, mzima huyu hapa, akasema, "Mie nshaanza. Niacheni nimalize." Akatandika mkeka wake mwenyewe chini ya mwembe, akakaa, akaendelea. Baadaye nikaja kuambiwa habari za mwanawe na bahari, siku ile sikujua kitu. Bibi akakaa pembeni yake, akanigeukia.

"Wee mke mwenzangu, endelea."

"Niendelee nini bibi?"

"Hiyohiyo. Mwenzio analia peke yake."

Nikaendelea. King'ora, pole pole, chini mpaka juu, juu mpaka chini, yeye akivuta pumzi mi nasubiri, nikishuka naye anashuka. Yule wa nazi kasimama na mikono yake imekauka. Muda gani sijui. Alipochoka akajifuta na ncha ya kanga, akakunja mkeka, akasema ahsante, akaenda zake.

Harusi ilipita. Niliimba vizuri tu, MC akaninong'oneza nifupishe, ile nusu ya pili ya hela mpaka leo naisubiri.

Kuanzia hapo kila nikienda kwa bibi, kabla sijafungua mdomo anamtuma mtoto nyumba hadi nyumba, "Waambie anaimba, hajafa mtu." Wakazoea. Wakazoea kupita kiasi, maana 2012 bibi alipofariki kweli, alfajiri, mi nipo, nililia mwenyewe mule uani na majirani wakageukia upande wa pili wakalala. Aliyekuja wa kwanza, kiza hakijaisha vizuri, ni yule wa nyumba ya tatu na mkeka wake. Nikamuuliza umejuaje.

"Leo hukuwa na pumzi," akasema, akanipita akaingia ndani.