Karatasi Niliyompelekea Daktari

Mwaka wa 2022, nikiwa na umri wa miaka 48, niliweka miadi na daktari bingwa wa wanawake mwenye kliniki ya kibinafsi Upper Hill, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwahudumia wanawake walio katika kipindi cha ukomo wa hedhi. Ada yake haikuwa ndogo kwa mshahara wa mwalimu. Daktari mwingine niliyemwona kabla ya hapo alikuwa amenisikiliza kwa dakika chache tu, akaniandikia vidonge vya usingizi bila kuuliza lolote kuhusu hedhi yangu, nami niliazimia kwamba safari hii maelezo yangu yasingepuuzwa kwa wepesi huo.

Nilianza na daftari. Kila asubuhi niliandika saa niliyoamshwa na joto la ghafla, kama moyo ulienda mbio, na tarehe ya hedhi ilipokuja. Ilikuwa Julai, mwezi wa baridi kali Nairobi, na huku mume wangu akijifunika blanketi mbili, mimi nilikuwa nikibadilisha nguo zilizolowa jasho. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa mwanamke aliyevuka miaka 45, daktari hutegemea dalili na mwenendo wa hedhi kuliko kipimo cha damu, kwa sababu katika kipindi hicho homoni hupanda na kushuka mno. Maumivu ya vidole na hali ya kusahau majina ya wanafunzi, mambo ambayo sikuwa nimeyahusisha na hedhi, niliyakuta kwenye kurasa zile zile za usiku usio na usingizi.

Historia ya familia ndiyo iliyonitaabisha zaidi, kwa kuwa mama yangu alikuwa ameshafariki. Jumamosi moja nilikwenda Pumwani kwa mama mkubwa, ambaye alipoisikia haja yangu alimtuma mjukuu dukani kwanza.

“Mambo haya sisi tuliyafukia moyoni, mwanangu,” aliniambia. “Mama yako alikuwa akitoka uani usiku wa manane kupunga upepo, nasi tukidhani ni mawazo ya karo zenu.”

Nilimwuliza kama yuko aliyeugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu miguuni. Hakumkumbuka yeyote, lakini alinieleza jinsi bibi alivyoteleza uani akavunjika nyonga na asitembee tena. Habari hiyo niliiandika palepale, kwa maana estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi inapokoma, ikishuka mifupa hupoteza uimara wake, na udhaifu huo huweza kurithiwa.

Kisha nikapanga maswali. Kuhusu tiba ya homoni nilikuwa na hofu, kama wanawake wengi waliosikia habari za utafiti mkubwa wa Marekani ambao sehemu yake ilisimamishwa mwaka wa 2002, baada ya saratani ya matiti kuongezeka miongoni mwa waliotumia estrojeni pamoja na projestini, homoni ya pili inayoulinda mji wa mimba. Nilisoma pia kwamba uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa wenye dalili nzito walio chini ya miaka 60, na wasio na kizuizi cha kiafya, faida kwa kawaida huzidi madhara. Kwa hiyo niliandika kwamba bado nina mji wa mimba, maana aliye nao hapewi estrojeni peke yake, kisha nikaorodhesha dawa zangu zote, pamoja na mizizi niliyonunua Gikomba.

Lilibaki swali la maumivu wakati wa kukutana kimwili na mume wangu. Hilo nililiweka juu kabisa ya karatasi, kwa sababu nilijijua: lingekuwa la mwisho, ningeaga bila kulitaja.

Daktari aliisoma karatasi yote, akaanzia pale juu. Aliniuliza maumivu yalianza lini, nikafungua daftari nikamsomea tarehe.