Mlango wa Ubavuni

"Mama, meli ikishazama si ndiyo basi?" Kitinda mimba wangu aliniuliza juzi, uji mdomoni, nikacheka peke yangu. Meli niliyolala sitahani nikiwa darasa la sita ilizamishwa Julai 1916.

Liemba, ipi nyingine? Wajerumani waliiunda kwao Papenburg, wakaifungua vipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Ikaja Dar es Salaam kwa bahari, Kigoma kwa reli, ikashushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaelemea, wakaizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mitambo grisi nzito. Hapo huwa nasita kidogo: mtu anazamisha kitu huku anakitunza. Waingereza waliiibua 1924, mashine wakazikuta bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Bibi yangu wa Kirando, kijiji cha mwambao wa ziwa hilo, hakuwa na habari na hayo. Kwake ilikuwa meli inayochelewa, basi.

Safari yenyewe siikumbuki sawasawa. Tulitoka Kigoma, daraja la tatu, mtu akatapika karibu na mzigo wetu, vituo vikapita nikiwa usingizini. Ninachokikumbuka ni kushuka.

Vijiji vingi vya mwambao ule havikuwa na gati. Meli inasimama mbali na ufuko, inapiga honi, na maboti ya mbao yanakuja mbio gizani kugombea ubavu wake. Kule mbele winchi inateremsha magunia. Huku kwetu, kwenye mlango wa ubavuni, wanaopanda na wanaoshuka wamebanana, kila mmoja anamwambia mwenzake asubiri. Ziwa lilikuwa limechafuka. Boti inapanda mpaka usawa wa miguu yetu, halafu inadidimia, unaona utosi wa mwenye boti tu. Mbali zaidi zilionekana karabai za wavuvi wa dagaa, ambao hawakuwa na shida na mtu.

Bibi alikuwa na tenga la kuku na hakutaka kuruka.

"Ruka Bibi, nakudaka!"

"Wewe wa nani?"

Kijana akataja jina la baba yake. Honi ikalimeza.

"Nimekuuliza, wa nani?"

Nyuma watu wanasukuma, baharia anafoka kwamba meli inaondoka. Bibi hatoi mguu mpaka amjue anayemdaka. Kijana akarudia kwa sauti, safari hii akaongeza na jina la bibi yake mzaa baba.

"Ahaa! Bibi yako ana debe langu la mahindi."

Ndipo akatoa kuku. Kuku kwanza, nataka mlielewe hilo. Kisha mimi, niliyerushwa bila kuulizwa, nikaangukia kwenye mapaja ya mama mmoja aliyesema "karibu mwanangu" wakati mimi nalia. Bibi mwenyewe akangoja, akaiacha boti ipande na kushuka, ikapanda tena, akakanyaga kama anavuka kizingiti cha jikoni kwake. Nauli ya boti hakutoa. Ilikatwa kwenye mahindi.

Mei 2015 Liemba ilipowachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga, kijiji cha mpakani, watu 600 hivi kila safari, wote wakifikishwa melini kwa maboti, wenzangu walikuwa wanazungumzia umri wa meli. Mimi nilikuwa natazama ule mlango. Nani aliwauliza wale vijana ni wa nani?

Miaka hii imesimama Kigoma, mara tunasikia matengenezo, mara kimya. Wako wanaotaka igeuzwe makumbusho. Mimi nataka itembee, nalisema hilo kwa sauti kubwa kila nikipata wa kunisikiliza, ingawa kumtoa mwanangu kwenye mlango ule usiku, sijui. Pengine ningemtanguliza kuku.

Nilimpigia shangazi Kirando nimpe mapenzi yangu haya. Siku hizi yeye huenda zake mjini kwa basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Na ikirudi, nauli itakuwa shilingi ngapi?"

Nikamuuliza bei ya dagaa.