Dhahabu yetu inapotelea mwaloni

Jana nimeshinda mwaloni, pale tunapooshea dhahabu, Nyarugusu huku Geita, mimi na mdogo wangu na viroba sita vya mawe ya dhahabu, nimeona niandike leoleo maana hili jambo linaniuma kila nikiona watu wanavyoosha.

Jamani, mwalo, yaani ule ubao wa mteremko uliotandikwa zulia, sio maji na nguvu za mikono tu, kinachofanya kazi pale ni uzito. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19 na kitu, lile jiwe jeupe inamokaa halifiki hata mara 3, kwahiyo maji yakipita juu ya zulia mchanga unaondoka nayo, dhahabu inazama kwenye nyuzi. Ila hiyo ni kama dhahabu imeshaachana na jiwe. Ukisaga chenga chenga bado imo ndani, na inaondoka na jiwe lake hivyohivyo. Jana unga wa kwanza ulikuwa unakwaruza vidoleni nikaurudisha karashani, kwenye mashine ya kusagia mawe, foleni ikanung'unika, nikavumilia. Ukipitiliza nako inakuwa vumbi jembamba linaloelea na maji, hilo hata zulia haliwezi kulishika.

Halafu maji. Mdogo wangu alikuwa anamwaga ndoo nzima kwa mpigo, namwambia taratibu, ananijibu kaka watu wanasubiri. Nikatoa tofali moja chini ya mwalo mteremko ukapungua, maji yakatulia. Na zulia usisubiri mpaka lijae mchanga mweusi, likishajaa hamna tena pa kuzamia, dhahabu inateleza juu juu inaenda zake, sisi tulilikung'uta kila tukimaliza nusu kiroba.

Huo mchanga mweusi ndo mtihani, wenyewe ni kama mara 5 ya maji kwahiyo unang'ang'ania mpaka mwisho kwenye karai, na hapo ndo watu wanaishiwa subira wanaita zebaki. Zebaki inakamata kweli, lakini ikichomwa inageuka moshi na ule moshi tunauvuta sisi, mama zetu na watoto walio pembeni ya jiko. Tanzania imeridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki tangu 2020 na bado tunachomea uani! Mimi natumia sumaku niliyoifunga kwenye nailoni, inatoa mchanga mweusi mwingi pamoja na vyuma vilivyomeguka karashani, kisha namalizia na karai kidogo kidogo. Wachimbaji wa Benguet kule Ufilipino wanaosha hivi bila zebaki kabisa, mwisho wanayeyusha na boraksi, unga unaosaidia dhahabu kuyeyuka.

Kinachoniuma zaidi ni marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa. Mialo mingi marudio yanabaki kwa mwenye karasha, yanaenda plenti, kiwandani, kuingizwa kwenye sayanaidi, kemikali inayoitoa dhahabu iliyobaki, kwahiyo ulichokipoteza kwa haraka yako kuna mwingine anakivuna, na wewe ndo ulieingia duarani, kwenye shimo la kuchimba, ukabeba na mawe.

Ukitaka kujua unapoteza kiasi gani kinga mchanga unaotoka mwisho wa mwalo, karai moja tu, uoshe mwenyewe polepole. Jana kabla ya kutoa lile tofali tulikinga tukaona vijinyota vitano vya dhahabu, tulipolitoa tukakinga tena kikabaki kimoja. Mdogo wangu akanyamaza, akaenda kutafuta kopo dogo la kumwagia maji.