Nilivyojifunza kufuga seli za kupe

Nilikuja kwenye kupe nikitokea Vero, zile seli za figo la tumbili zilizojaa kila maabara ya virusi. Vero ni kuku wa kisasa. Ukizipa chakula na joto la 37, unajua utavuna siku gani. Nikadhani na kupe ni hivyo hivyo.

Nilipewa neli mbili za HAE/CTVM8, seli zilizooteshwa kutoka mayai ya kupe aitwaye Hyalomma anatolicum. Nilitaka kuziambukiza Hazara, kirusi kilichopatikana Pakistani. Ni ndugu wa kirusi cha homa ya Krimea na Kongo, ila Hazara hakijulikani kumfanya binadamu augue, na ndiyo maana sisi tusio na maabara ya ulinzi wa daraja la nne, la juu kabisa, tunaweza kukishika.

Usiku wa kwanza nililegeza vifuniko nikazilaza pamoja na Vero, kwenye inkubeta yenye kabonidioksidi. Asubuhi mchuzi wa L-15, chakula cha seli hizi, ulikuwa wa manjano kama mkojo. Mchuzi ule umetengenezwa usihitaji hewa hiyo, ukiupa, unachachuka. Neli ya pili niliiua kwa usafi. Niliona seli nyingi zinaelea, nikajua zimekufa, nikamwaga mchuzi wote na kuweka mpya. Kumbe zinazoelea ni hizo hizo nilizokuwa nazitafuta.

Daktari aliyekuwa akinisimamia alichungulia hadubini, akacheka. "Kijana wangu, kupe anakaa miezi bila kula. Wewe haraka unaipeleka wapi?"

Akanipa neli nyingine mbili. Safari hii nilikaza vifuniko na kuziweka joto la 32 bila kabonidioksidi. Mara moja kwa wiki nilisimamisha neli, nikaacha seli zitue, kisha nikatoa robo tatu tu ya mchuzi na kurudisha mpya wenye serumu ya ndama asilimia 20. Kugawa, nilisubiri mpaka zijae kweli, kisha nilizipulizia mchuzi kwa pipeti zikabanduka zenyewe. Tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli, iliendelea kukaa frijini. Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu cha kumwonyesha mtu. Ya tano, ukuta wa neli ulikuwa umefunikwa na vichuguu vya seli za mviringo, na nyingine zikielea juu yake. Sikuzigusa.

Ndipo nikaweka Hazara. Siku ya tatu, kimya. Siku ya kumi, kimya. Neli zenye kirusi na zisizo nacho ukizichanganya usingezitofautisha. Niliandika daftarini "maambukizi yameshindikana", mstari ambao bado unanitia haya. Daktari alinituma nichukue ule mchuzi unaotolewa kila wiki, niupime kwa PCR, kipimo kinachosaka chembe za urithi za kirusi, na mwingine niudondoshee SW-13, seli za binadamu. PCR ikawaka. SW-13 zikaanza kufa.

Kirusi kilikuwa kimo muda wote, kinazaana, na mwenye nyumba hana habari. Ukifikiri, ingekuwaje vingine? Kupe akishaambukizwa hukaa na kirusi maisha yake yote, akijivua ngozi na kukua nacho. Kirusi kinachomuua kupe kingekosa usafiri. Kinachoua SW-13 kwa siku chache ndicho kinachopanga kwa amani kwenye seli za Hyalomma, na tofauti hiyo huwezi kuiona ukiwa na Vero peke yake.

Tahadhari moja: baadhi ya seli za kupe huja na virusi vyao wenyewe, kama kile cha St Croix River. Usipoweka neli safi pembeni ya kulinganisha, utashangilia kirusi cha mwingine.

Siku ya sitini hivi umeme ulikatika wikendi nzima na jenereta ikagoma. Jumatatu nilikuta Vero zote zimeharibika. Neli zangu zilikuwa baridi kama meza. Nikabadilisha robo tatu ya mchuzi kama kawaida ya Jumatatu, nikazirudisha kwenye 32. Wiki iliyofuata PCR iliwaka tena.