Diski ya zamani ilipoondoka na GRUB

Kompyuta ya steshenari ya shangazi, pale Tanga, ilikuwa na diski mbili. Ya zamani ilikuwa na Windows tuliyokwisha kuacha kuitumia. Ya pili ilikuwa na Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na kazi zote za dukani zilikuwa humo: barua za maombi ya kazi, ripoti, mitihani ya shule za jirani. Ile ya zamani ikaanza kugonga ko, ko, ko na kuikwamisha mashine nzima. Nikafungua kasha, nikachomoa nyaya zake mbili, nikaitoa.

Kuwasha tu, kioo cheusi, na ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia. Kwenye benchi alikaa mwalimu aliyefuata mtihani wa majaribio wa kidato cha nne.

"Mwanangu, kazi za watu zimepotea?" shangazi akaninong'oneza.

"Hapana, shangazi. Zipo zote. Mlango tu ndio umeondoka na ile diski."

Mtaani dawa ya hali hii ni kupiga Windows upya, na kazi za watu zinafutika hivihivi. Jambo hilo linaniuma sana, kwa sababu kinachokosekana ni kidogo mno. Kompyuta ya BIOS, yaani programu ya ndani inayoiamsha mashine, ikiwaka husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na programu ya kuanzishia hupewa 446 tu kati ya hizo. Humo ndimo GRUB, programu inayoiwasha Ubuntu, huweka kipande chake cha kwanza. Kwetu kilikuwa kimeandikwa kwenye diski ya zamani, ingawa Ubuntu yenyewe ilikaa kwenye ya pili.

Nikawasha kwa flashi yenye Ubuntu, nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Diski iliyokuwa sdb sasa inaitwa sda. Hilo halikunitisha, maana Ubuntu huitafuta patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski, kwa UUID, namba yake ya kipekee, si kwa herufi hizo. Nikaipachika patisheni ya mfumo kwenye /mnt, nikaiunganishia folda za mfumo /dev, /proc na /sys, nikaingia ndani kwa chroot, amri ya kuutumia mfumo ulio diskini badala ya ule wa flashi. Kisha grub-install /dev/sda, bila namba mwishoni, kwa kuwa GRUB inaandikwa kwenye diski yenyewe. Likaja jibu kwamba hakuna kosa. Nikamalizia kwa update-grub, inayoandika upya menyu ya kuwashia.

Ikawaka, halafu ikasimama. Mstari mmoja ukawa unahesabu kuelekea dakika 1 na sekunde 30, mwalimu naye keshainuka kwenye benchi. Nikaelewa: swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM, ilikuwa kwenye diski iliyotolewa, na mfumo ulikuwa bado unaisubiri. Muda ukaisha, ikaendelea yenyewe, mafaili yote yakaonekana.

Tukachapa mtihani kwanza. Mwalimu alipoondoka na karatasi zake ndipo nikafungua /etc/fstab, orodha ya patisheni ambazo mfumo huzitafuta ukiwaka, nikaweka alama ya # mbele ya mstari wa swap ili usisomwe. Tangu hapo mashine ikawa inawaka bila kusubiri.