Siku moja na klachi ya MGB, Kisumu

Saa moja unusu asubuhi nafungua gereji karibu na Kibuye, nikute MGB ya 1969, gari dogo la michezo la Uingereza, imefika kabla yangu, imevutwa kwa kamba na pikapu ya makaa. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu.

"Fundi, gia zinalia kama mbuzi wa Krismasi."

Gereji nyingine imeshamwambia injini itolewe. Ni kweli kwamba sahani ya klachi ya MGB haifikiki bila kutoa injini, ndiyo maana sikimbilii huko.

"Mwalimu, keti kwanza unywe chai."

Saa mbili. Nakanyaga klachi hadi chini, nasubiri kidogo, natia rivasi. Krrr! Rivasi haina sinkro, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia zisigongane, kwa hiyo haifichi siri: klachi haiachii vizuri. Naingia uvunguni na rula, kijana wangu akanyage. Fimbo ya silinda ya chini, ile inayosukuma klachi kwa nguvu ya oili, yafaa kusogea kama milimita 13. Hii inasogea 7. Nafunua raba ya vumbi, oili ya breki inanidondokea kwenye mkono, nyeusi kama strungi. Oili hii hunyonya unyevu, na huku ziwani unyevu hatununui. Ndani silinda imeliwa vidonda. Kubadilisha raba peke yake ni kujidanganya.

"Silinda mpya ninayo," mwalimu anasema, kisha anaitoa kwenye buti, imefungwa gazeti la mwaka juzi. Nilinyamaza tu.

Saa tano silinda mpya imeshakaa, tunatoa hewa kwenye bomba la oili ya klachi. Wengi hupampu pedali mpaka goti lichoke. Mimi natumia sindano kubwa na mpira mwembamba, nasukuma oili kutoka chini kwenda juu, maana hewa yenyewe inataka kupanda. Tone moja linaangukia bodi. Kijana analimwagia maji mbio kabla halijababua rangi.

Saa saba, ugali na samaki.

Saa nane napima tena: 10. Aibu. Mwalimu ananitazama juu ya miwani yake kama nimekosa hesabu ya darasa la nne. Nalala kichwa chini miguu juu, tochi mdomoni, nikague pini inayounganisha pedali na fimbo ya masta silinda, ile ya juu inayosukuma oili. Kumbe! Pini imelika hadi ina kiuno, na tundu la pedali limekuwa umbo la yai. Mguu unatembea bure kabla oili haijasukumwa hata kidogo. Fundi wa leithi jirani anaziba tundu kwa weldingi, analitoboa upya, ananichongea pini. Napima: 13 na ushee.

Saa kumi tunapanda Riat. Katikati ya mlima nasimama, naondoka, rivasi inaingia kimya. Kurudi anaendesha mwalimu, mguu umelalia klachi.

"Toa mguu hapo, mwalimu. Beringi inayosukuma klachi ya hii ni kaboni, unaisaga."

"Sawa, mwalimu," ananijibu.

Jioni analipa, anaomba ile pini ya zamani, anaitia mfuko wa shati. Anasema kesho atapitia ile gereji nyingine.