Thauma: ajabu au mazingaombwe?

Juma hili kuna neno la Kigiriki cha kale limeniganda kichwani: thauma. Wingi wake ni thaumata. Kamusi inasema ajabu, kioja, kitu cha kumfanya mtu asimame akodoe macho. Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, anapenda kusema thauma idesthai, yaani ajabu kuitazama. Ninapopapenda zaidi ni katika utenzi wake wa Iliad, pale Hephaestus, mungu mhunzi, anapounda vyombo vya miguu mitatu na kuvitia magurudumu ya dhahabu, vijiendeshe vyenyewe hadi barazani kwa miungu na kurudi nyumbani. Ajabu ya karakana hiyo!

Halafu anakuja Plato, mwanafalsafa. Wengi humnukuu pale mwalimu wake Socrates anapomwambia kijana Theaetetus kuwa falsafa haina mwanzo mwingine ila kustaajabu. Sawa. Mimi lakini nimekwama kwenye lile pango la kitabu chake cha Jamhuri, ambamo wafungwa hutazama vivuli ukutani wakidhani ndivyo vitu vyenyewe. Nyuma ya wafungwa kuna kijiukuta, nacho Plato anakifananisha na pazia la wacheza vikaragosi, ambao juu yake huwaonyesha watu thaumata zao. Neno ni lilelile! Linalozaa falsafa ndilo linalowatia watu gizani wakidanganywa na vivuli. Sidhani Plato hakuliona hilo. Mtu yule alikuwa mjanja mno wa maneno.

Aristotle, mwanafunzi wake, anajaribu kumaliza ugomvi. Katika Metafizikia anasema mwanzoni watu hushangazwa na vikaragosi vinavyojiendesha, na jua linavyogeuza njia yake, na jambo moja la hesabu: ukichora mraba, mstari unaoukata kutoka pembe hadi pembe hauna kipimo kimoja, hata kiwe kidogo vipi, kitakachoupima sawasawa pamoja na ubavu wake. Ukishajua sababu, anasema, mambo yanageuka. Mwanajiometri angeshangaa zaidi kama kipimo hicho kingepatikana.

Hapo sikubaliani naye, au nakubali nusu. Uthibitisho wa jambo lile naujua tangu sekondari: unadhani kipimo kipo, unafuata hesabu, mwisho namba moja inalazimika kuwa shufwa na witiri kwa pamoja. Sababu ninayo, na ni fupi. Jana usiku nimeuandika tena nyuma ya risiti ya umeme, na mwili ukanisisimka vilevile.